Mota ya pili imeungua ndani ya mwaka mmoja: ni kebo ya mita 110, ni msukaji, au ni chumvi?

#1 MlinziWaPampu (Bamburi)

Salamu kwenu nyote. Ninatunza pampu za maji katika majumba ya kupangisha huku Bamburi, upande wa baharini, na nimefika mahali ambapo sina tena la kumwambia mwenye nyumba.

Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe karibu na ufuo. Mota iko juu ya ardhi, ni ya kilowati 7.5, volti 415, na ilifanya kazi kwa sta-delta (swichi ya kuwashia mota kwa hatua mbili) miaka 14 bila kusukwa, yaani kuwekewa koili mpya, hata mara moja. Mwaka jana tuliweka inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) ili presha ya maji itulie, na kwa kuogopa chumvi tukaifunga katika chumba cha swichi nyuma ya majengo, kwa hiyo kebo kutoka kwenye inveta hadi kwenye mota ina urefu wa mita 110. Baada ya miezi mitano mota iliungua. Ikasukwa upya, ikadumu wiki saba, ikaungua tena.

Kinachonishangaza ni kwamba haikuungua kama mota iliyozidiwa na mzigo. Amperi zilikuwa 13, ovalodi haikuruka, na nilipofungua kifuniko nilikuta koili zote bado zina rangi ya asali, isipokuwa doa moja jeusi, kubwa kama punje ya mchele, kwenye koili ya kwanza kabisa ya fezi ya pili, pale waya unapoingia, pamoja na vishanga viwili vya shaba iliyoyeyuka.

Aliyefunga inveta anamlaumu msukaji. Msukaji anaulaumu umeme wa huku kwetu. Waliotuuzia inveta, baada ya kuulizwa mara tatu, wakasema kwamba kebo ni ndefu. Nimwamini nani?

#2 Kisauni_Stima

Pole, kaka. Umeme wa pwani unapanda na kushuka kila mtu anajua, hasa wakati wa radi za masika. Weka kifaa cha kuzuia mipando kwenye bodi kuu, na tatizo lako litakuwa limekwisha.

#3 MwalimuWaMawimbi (Tudor)

Ndugu Kisauni, kifaa hicho ni kizuri, lakini kitalinda mlango wa kuingilia ilhali mwizi anatokea chumbani. Mpando unaotoka kwenye gridi hukutana kwanza na inveta, na kama ungekuwa na nguvu za kuua, ungeanza na inveta yenyewe.

Tazameni jambo lenyewe linavyokwenda. Inveta haitoi wimbi laini kama lile la gridi. Inachukua umeme wa moja kwa moja ulio ndani yake, ambao kwa laini ya 415 ni takribani volti 587 (415 mara 1.414), kisha inaukatakata kuwa mapigo maelfu kwa sekunde, na kila pigo hupanda kutoka sifuri hadi 587 kwa muda wa mikrosekunde 0.1 au 0.2 tu. Pigo hilo husafiri ndani ya kebo ya PVC kwa mita 150 hivi kwa kila mikrosekunde, yaani karibu nusu ya kasi ya mwanga. Likifika kwenye mota linakuta impidansi (ukinzani dhidi ya wimbi) iliyo kubwa kuliko ya kebo mara nyingi, haliwezi kuingia lote, na sehemu kubwa yake inarudi nyuma ikiwa imepanda juu ya ile inayokuja.

Tuseme kebo ina omu 80 na mota ina omu 1,000. Sehemu inayorudi ni 920 kwa 1,080, yaani 0.85. Kwa hiyo mota inaonja 587 mara 1.85, ambayo ni karibu volti 1,090, huku mita yako ya mkononi ikiendelea kukuonyesha 415 kwa upole.

#4 NahodhaMstaafu (Likoni)

Atakayeona hesabu za Mwalimu ni nzito na aende Mama Ngina wakati wa kusi, asimame juu ya mwamba atazame. Wimbi la futi tatu likija wazi baharini ni la futi tatu, lakini likipiga mwamba uliosimama wima linaruka mara mbili yake na kuwalowesha wala mihogo. Wimbi lilelile likija kwenye ufuo wa mchanga ulioinama, linapanda taratibu, linanyonywa, na halirudi na kitu cha maana.

#5 MwalimuWaMawimbi

Ahsante, Nahodha, nimefundisha miaka mingi bila kuupata mfano huo. Mota ni mwamba. Dawa karibu zote tutakazozitaja hapa ama ni kulilainisha wimbi kabla halijaondoka bandarini, ama ni kuujengea mwamba ufuo wa mchanga.

#6 MzeeKoili (Majengo)

Nimesuka mota tangu wengi wenu hamjazaliwa, kwa hiyo mniruhusu nimtetee msukaji kidogo, kisha nimsulubu.

Mwanangu Mlinzi, doa ulilolieleza ni la mzunguko mmoja wa waya kugusa mzunguko mwenzake ndani ya koili moja, si la waya kugusa mwili wa mota. Ndiyo maana hata ukipima kihami (kinga inayozuia umeme kuvuja) kwa volti 500 kabla haijaungua, utasoma mamia ya megaomu na kufurahi bure, kwa kuwa kipimo kile kinatazama kati ya shaba na chuma, hakitazami kati ya waya na waya ndugu yake.

Sasa la msukaji. Mafundi wengi wa mjini hupaka vanishi kwa brashi na kuanika mota juani. Vanishi ya brashi haifiki ndani. Inabaki juu kama sukari ya mandazi, na katikati ya nyaya hubaki vijishimo vya hewa. Mota ya kutumiwa na inveta inatakiwa itumbukizwe kwenye vanishi mara mbili na kuokwa kwenye tanuri baada ya kila mara, iwekewe karatasi ya kutenganisha fezi hadi kwenye vichwa vya koili (sehemu zinazotokeza nje ya chuma), na mizunguko ya kwanza ivishwe soksi. Tena waya uwe wa ngozi mbili. Muulize msukaji wako kama alifanya hata moja kati ya hayo.

#7 MlinziWaPampu

Nimempigia simu sasa hivi, mzee. Anasema alipaka kwa brashi, na jua la siku ile lilikuwa kali sana.

#8 Kisauni_Stima

Kesi imekwisha. Mchimba kisima ameingia mwenyewe, na hapa kisima kipo kweli.

#9 DadaWaVoltiKubwa (Mikindani)

Kesi haijaisha, kaka, kwa sababu mota ya kwanza haikuwa imesukwa na mtu yeyote. Ilitoka kiwandani, ikakaa miaka 14 salama, ikafa miezi mitano baada ya inveta. Msukaji anaeleza wiki saba, haelezi miezi mitano.

Naongeza la hewa alilolitaja Mzee Koili, kwani ndilo kiini. Tangu mwaka 1889, Friedrich Paschen alipochapisha vipimo vyake, inajulikana kwamba hewa ya kawaida haipasuki kwa cheche chini ya volti 330 hivi, hata mwanya uwe mwembamba vipi. Kwenye gridi ya kawaida, kati ya mzunguko na mzunguko kuna volti chache tu, kwa hiyo kijishimo cha hewa hakina madhara na mota huishi nacho hadi uzee. Lakini pigo la haraka haligawanyiki sawasawa kwenye koili zote. Linapofika, sehemu kubwa ya volteji huangukia koili ya kwanza kabla zile za nyuma hazijapata habari, na katika mota iliyosukwa kwa waya uliorundikwa ovyo, mzunguko wa kwanza unaweza kuwa umelala ubavuni mwa mzunguko wa mwisho wa koili hiyohiyo. Hapo sasa kuna mamia ya volti kwenye kijishimo cha hewa. Cheche ndogo zinaanza, hazionekani wala hazisikiki, zinatengeneza ozoni, na zinaitafuna ngozi ya waya mpaka itoboke. Ukikuta unga mweupe karibu na doa, ndiyo alama yake.

#10 MlinziWaPampu

Unga mweupe nimeuona, dada. Niliudhani chumvi.

#11 FundiKreni (Kilindini)

Na huenda ni chumvi kweli. Mimi ninahudumia mota zinazofanya kazi hatua chache kutoka majini, na sikubali kwamba kila unga mweupe ni ozoni. Ulambe. (Natania, usilambe. Weka tone la maji uone kama utayeyuka.) Unyevu na chumvi juu ya vichwa vya koili hushusha kiwango ambacho cheche zinaanza, kwa hiyo mota ambayo Nairobi ingevumilia volti 1,100 huenda huku ikashindwa na 900. Mota yako ilikuwa na miaka 14 ya hewa ya bahari mwilini. Inveta inaweza kuwa ni pigo la mwisho tu kwa mgonjwa.

Pia nakuomba uzungushe mhimili kwa mkono usikilize beringi. Mapigo hayahaya hupitisha umeme kwenye mhimili, na njia yake ya kurudi ardhini huwa ni beringi. Nimetoa beringi zenye mistari sawasawa kuzunguka njia ya gololi, mithili ya bati la paa. Tiba yake ni beringi yenye kihami upande mmoja au brashi ya kuupeleka umeme wa mhimili ardhini, na kebo yenye ngao (ganda la chuma) iliyofungwa ardhini pande zote mbili.

#12 Jomvu_Wiring

Kumbe tiba ni rahisi. Kebo ya ngao itaondoa miruko yote.

#13 DadaWaVoltiKubwa

Hapana. Ngao inazuia kelele zisiharibu redio na vifaa vya jirani, na inaipa mikondo ya beringi njia nzuri zaidi ya kurudi. Kilele cha volteji kwenye mota kinabaki palepale. Usinunue kebo ya bei mbaya kwa sababu isiyo yake.

#14 Jomvu_Wiring

Basi kebo nene zaidi, tuseme milimita 16 za mraba badala ya 6?

#15 MwalimuWaMawimbi

Hiyo inapunguza volti zinazopotea njiani, jambo ambalo hapa halikuulizwa. Kebo nene kwa kawaida ina impidansi ndogo zaidi ya mawimbi, kwa hiyo tofauti kati yake na mota inaongezeka, na mwangwi unaweza hata kukua kidogo.

Na kabla hujapendekeza kapasita, ndugu yangu, naomba usipendekeze. Kuna mtu alifunga zile za kurekebisha pawa fakta kwenye upande wa kutoka wa inveta, na transista zake, zile swichi za ndani zinazokatakata umeme, hazikumaliza dakika.

#16 Jomvu_Wiring

Nilikuwa nimeshaanza kuandika. Nimefuta.

#17 Mtwapa_Visima

Habari zenu. Sisi kazi yetu ni pampu za kuzama, na kwetu kebo ndefu si ajali, ndiyo hali halisi: kisima peke yake kinakula mita 80, kisha kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye nyumba ya inveta ni mita 60 nyingine. Kisima cha kwanza nilichokifunga inveta bila filta kilikula mota mbili. Cha pili niliweka filta ya kutoa wimbi laini, ile yenye choki (koili ya kulainisha umeme) na kapasita zilizopigiwa hesabu pamoja ndani ya sanduku moja, na mota inaingia mwaka wa nne. Filta hiyo inarudisha umeme unaofanana na wa gridi, kwa hiyo urefu wa kebo unakuwa si hoja tena.

Ubaya wake ni bei, uzito, joto, na kwamba inakula asilimia kadhaa ya volteji, hivyo kwa kasi ya juu kabisa mota inapungukiwa kidogo. Pia frikwensi ya kukatakata isishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye filta, la sivyo kapasita zitachemka. Mwalimu akatazapo kapasita, ana maana ya kapasita zilizowekwa uchi, si hizi.

#18 MwalimuWaMawimbi

Naam, ahsante kwa masahihisho. Sentensi yangu ilikuwa imeachwa wazi mno.

#19 Shimanzi_Umeme

Mimi ningeuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: frikwensi ya kukatakata imewekwa ngapi?

#20 MlinziWaPampu

Kilohezi 12. Ilipofungwa ilikuwa 4, lakini mota ilikuwa inalia kama mbu sikioni, na wapangaji wa ghorofa ya chini wakalalamika kwamba hawalali. Fundi akaipandisha, mlio ukatoweka, na sote tukashukuru.

#21 Shimanzi_Umeme

Mlinyamazisha mbu mkaleta nyuki. Kila duru ya kukatakata ina kupanda kumoja na kushuka kumoja kwa kila fezi. Kwa kilohezi 12 hizo ni kingo 24,000 kwa sekunde, na pampu ikifanya kazi saa kumi kwa siku ni zaidi ya milioni 860. Kwa kilohezi 4 ni theluthi moja tu. Kilele hakipungui hata volti moja, ila mota inapigwa mara chache zaidi, na inveta yenyewe inapoa. Tena mapigo yakiwa yamesongamana, la pili linaweza kufika kabla mlio wa la kwanza haujatulia, na hapo kilele kinaweza kupita hata ile mara mbili ya Nahodha.

#22 Kisauni_Stima

Basi tukubaliane: mota imeuawa na wapangaji.

#23 NahodhaMstaafu

Mimi bado sijaelewa kitu kimoja. Mbona hoteli niliyofanyia kazi ilikuwa na inveta na kebo ndefu miaka mingi, tangu miaka ya tisini mwanzoni, na mota hazikuungua? Au mawimbi ya zamani yalikuwa na adabu?

#24 DadaWaVoltiKubwa

Yalikuwa na adabu kweli, mzee wangu. Inveta za zamani zilitumia transista zilizochukua mikrosekunde moja au zaidi kuwaka. Kanuni ya mkono ni hii: zidisha muda wa pigo kupanda kwa kasi ya kebo, kisha gawanya kwa mbili, utapata urefu ambao ukiupita, mruko unafikia kimo chake kamili. Kwa mikrosekunde moja ni mita 75. Kwa 0.1 ni mita saba na nusu. Transista za siku hizi zimefanywa za haraka ili zipoteze umeme kidogo kama joto, na sisi ndio tuliobaki na bili upande wa pili wa kebo. Zile mpya za silikoni kabaidi zina haraka zaidi ya hizo, kwa hiyo hata mita mbili au tatu zitakuja kuwa kebo ndefu.

Hapo pia mtaona kwamba kutoka mita 30 hadi 110 hakuna tofauti kubwa ya kilele kwa inveta ya leo. Waliomwambia bwana Mlinzi kwamba kebo ni ndefu walikuwa sahihi, lakini hata angeikata nusu isingemfaa kitu.

#25 MlinziWaPampu

Nimerudi baada ya siku tisa, na sikurudi mikono mitupu. Mwalimu alikuja na osiloskopu (chombo cha kuonyesha umbo la wimbi la umeme) na waya maalumu za kupimia volteji kubwa, zile ambazo hazihitaji kufungwa ardhini. Mota ya tatu imeshafungwa, imesukwa kwa masharti yote ya #6, na Mzee Koili mwenyewe alikuja kuitazama ikitolewa kwenye tanuri, akaigonga kwa kucha na kusema "mh", ambalo naambiwa ni sifa kubwa.

Umeme usiku ule ulikuwa volti 428, na volteji ya ndani ya inveta ikasomeka 605. Kwenye inveta mapigo yalikuwa ya mraba, yamenyooka kama matofali. Kwenye mota kila tofali lilikuwa limeota pembe: linaruka hadi 1,120, linashuka, linaruka tena, likitetema mara sita au saba kabla ya kutulia. Nilisimama nikitazama kioo kile kwa muda mrefu bila kusema neno. Miezi yote mita ilikuwa inaniambia 415.

Kila mtetemo mmoja ulichukua mikrosekunde 3.6.

#26 MwalimuWaMawimbi

Nathibitisha vipimo. 605 mara 1.85 ni 1,119, jambo ambalo kwa kweli lilinifurahisha kupita kiasi, kwa sababu ile omu 1,000 nilikuwa nimeikisia tu. Lakini 3.6 inanisumbua. Mtetemo mmoja ni safari nne za kebo. Kwa mita 110 na kasi ya 150 tungepata 2.9. Kwa 3.6, kebo ingekuwa na mita 135.

#27 FundiKreni

Kuna mita 25 zimekunjwa mahali fulani. Nenda katazame nyuma ya bodi au chini ya mchanga, utakuta fundi aliona uvivu wa kuikata.

#28 DadaWaVoltiKubwa

Au PVC hiyo ina kasi ndogo kuliko 150. Au kapasitansi ya mota yenyewe inauchelewesha mwangwi. Mambo hayo yote matatu yanaweza kutoa 3.6.

#29 MlinziWaPampu

Nimekwenda. Kulikuwa na mkunjo kwenye shimo la kebo, lakini nimeuhesabu ni mita tisa tu.

#30 Shimanzi_Umeme

Sasa tuje kwenye tiba, maana mwenye nyumba hatalipia nadharia. Kwa mota hii ningeanza na choki ya asilimia tatu kwenye mlango wa kutoka wa inveta. Amperi 15, volti 415, inakuja milihenri 1.5 hivi kwa kila fezi, na inakula kama volti 12 tu. Iwe upande wa kutoka. Ile ya upande wa kuingia inasaidia gridi na inveta, haimsaidii mgonjwa wetu.

#31 MwalimuWaMawimbi

Mimi ningeweka ufuo wa Nahodha: rizista ya omu 80 mfululizo na kapasita ndogo kwa kila fezi, zikafungwa palepale kwenye kisanduku cha mota. Wimbi linafika, linakuta impidansi sawa na ya kebo, linanyonywa. Hiyo ndiyo tiba inayogusa chanzo.

#32 Shimanzi_Umeme

Na joto lake, Mwalimu? Kapasita ya mikrofaradi 0.1 inachajiwa na kumwagwa kila ukingo. Nusu ya kapasita mara volti mara volti ni joule 0.017 kwa ukingo mmoja. Kwa kilohezi 4 inakuja zaidi ya wati 130 kwa kila fezi, na kwa zile 12 ni zaidi ya 400. Utakuwa umefunga jiko la kuchomea mishikaki kando ya pampu.

#33 MwalimuWaMawimbi

Kapasita itakuwa ndogo kuliko hiyo, mradi isijae kabla wimbi halijarudi. Hata hivyo nakubali kwamba joto lipo, na kwamba kwa kilohezi 12 singethubutu.

#34 Mtwapa_Visima

Kuna kitu cha katikati, filta ya kupunguza kasi ya kupanda, ambayo ni choki pamoja na rizista na kapasita ndogo. Si ghali kama ya wimbi laini. Na kuna njia ya bure kuliko zote: ihamishe inveta iwe kando ya mota.

#35 FundiKreni

Bure kwa nani? Hatua ishirini kutoka ufuoni, katika sanduku lisilopitisha vumbi wala maji, na feni haiwezi kuingiza hewa ya nje kwa ajili ya chumvi. Atakuwa ameokoa mota na kuiua inveta.

#36 MlinziWaPampu

Mwenye nyumba amekubali choki, na frikwensi imerudi 4. Wapangaji nimewaeleza, wawili wameelewa. Mwalimu alikuja kupima tena. Kilele kimeshuka kutoka 1,120 hadi 970 pekee, nikavunjika moyo. Lakini muda wa kupanda umetoka mikrosekunde 0.15 hadi kama sita, na zile pembe zimekuwa vilima.

#37 MzeeKoili

970 bado ni nyingi. Waya haujui hesabu ya mikrosekunde, unajua volti.

#38 DadaWaVoltiKubwa

Kwa heshima, mzee, koili ya kwanza inajua sana mikrosekunde. Pigo likipanda kwa sita, volteji inapata muda wa kugawanyika kwenye koili zote, na ule mzigo kati ya mzunguko na mzunguko unashuka sana hata kama kilele kimebaki juu.

#39 MzeeKoili

Na kati ya fezi na fezi, kwenye vichwa vya koili? Na kati ya shaba na chuma? Huko hakuna kugawana, dada. Huko ni 970 zote, mchana na usiku, na unyevu wa FundiKreni juu yake.

#40 FundiKreni

Nimefurahi kwamba hatimaye unyevu wangu umekumbukwa. Kama mota inalala usiku, iwekewe hita ndogo ya kuondoa umande, na hilo msilipinge kwa kuwa halina mikrosekunde.

#41 DadaWaVoltiKubwa

Sipingi hita. Kwa kati ya fezi na fezi, karatasi aliyoisimamia Mzee mwenyewe ndiyo kazi yake.

#42 MzeeKoili

Sasa unanisifu ili ninyamaze. Mlinzi, nakuomba jambo moja. Usingoje iungue. Ikitimiza miezi sita, ifungue kifuniko unipigie picha ya vichwa vya koili za kwanza, kwa mwanga wa kutosha, nione kama ule unga umerudi na umerudi wapi: kwenye koili ya kwanza, au kati ya fezi. Hapo tutajua nani kati yangu na dada alikuwa na haki.

#43 MlinziWaPampu

Mzee, kuifungua ni kusimamisha maji ya familia 18. Nitaifungua siku ambayo maji ya mfereji yatatoka siku mbili mfululizo.

#44 Kisauni_Stima

Basi mota itawahi kustaafu.